Picha Kumi na Nane Kutoka Naxos

Nilifundisha hali ya hewa ya Mediterania kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuiona kwa macho yangu. Kidato cha pili, muhula wa pili: kiangazi kikavu chenye jua kali, mvua wakati wa baridi, mizeituni, mizabibu, michungwa. Nilikuwa nikiichora ubaoni katika shule moja hapa Kisii mjini huku mvua ya alasiri ikipiga mabati hadi wanafunzi wa viti vya nyuma hawanisikii. Kwa hiyo siku nilipotoka Nairobi na pasipoti tatu zenye viza, yangu na za watoto wangu wawili, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba sasa nitajua kama nimekuwa nikiwadanganya watoto wa watu.

Sikuwa nimewadanganya. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokifundisha, jua, mizeituni na yote. Watu wakisikia nilizunguka visiwa vya Ugiriki na watoto wadogo huniuliza habari za bahari, nami huwajibu kwamba ilikuwa nzuri, maana ilikuwa nzuri kweli. Kisha hubadilisha mazungumzo. Nina uchungu na safari ile mpaka leo, na hapa sitajifanya sina.

Mume wangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma kozi ya kilimo ya mwaka mmoja katika kisiwa cha Krete. Mimi nilibaki Kisii na watoto, mvulana wa miaka sita na msichana wa miaka mitatu. Tulipatana kwamba likizo ya Agosti tutamfuata, tukutane Athene, tupitie kisiwa cha Naxos, kisha tukae naye Krete hadi shule zikaribie kufunguliwa. Aliyeiogopa safari hiyo kuliko sisi sote alikuwa baba mkwe wangu, mkulima wa chai kule Ekerenyo na mzee wa kanisa la Wasabato, aliyefiwa na mkewe kabla mimi sijaolewa. Ziwa la Kisumu lenyewe alilitazama mara moja tu maishani akaona limemtosha.

Lazima nieleze mzee huyu alikuwa nani kwetu. Kila Ijumaa baada ya masomo nilimpeleka mvulana Ekerenyo akalale kwa babu yake, na Jumapili nikamchukua. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mtoto alimwita Sokoro, yaani babu kwa Ekegusii, na kwetu babu na mjukuu hawaoneani haya. Wanataniana, wanatukanana, wanaulizana mambo ambayo mtu hawezi kumuuliza baba yake. Sokoro alimwambia mvulana wangu kwamba ana kichwa kipana cha kubebea kikapu cha majani, naye mtoto akamjibu kwamba heri kichwa kuliko mdomo usio na meno, wakacheka hadi mzee akajishika mbavu. Nilikuwa nikiwasikia kutoka jikoni nyuma ya nyumba, na moyo wangu ulikuwa ukitulia.

Nasema kutoka jikoni kwa sababu mimi na mzee tuliishi kwa chinsoni. Ndiyo heshima ya Wagusii inayomtenga mzazi na mwanawe aliyeoa, na zaidi na mke wa mwanawe. Hatukupeana mkono. Hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu, nami sikuwahi kuketi kwenye kiti alichokizoea. Jambo lolote la mwili halitajwi kati yenu, si ujauzito, si nguo ya ndani, si kitanda. Akitaka kuniambia kitu aliongea akimtazama ng'ombe, nami nikajibu nikitazama chini. Mgeni angedhani tumegombana. Ukweli ni kwamba nilimpenda mzee yule, na kwa miaka saba sikuwa nimemkosea hata siku moja.

Wiki moja kabla ya safari alimtazama ng'ombe akasema, "Mokamwana, mimi sitaki zawadi. Nataka kuona hao watoto kwa simu kila siku. Maji si kitu ya kuamini." Mokamwana ni mke wa mwana, na ndilo jina aliloniita siku zote. Nikamwambia atawaona kila siku.

Mume wangu alikuwa amemnunulia simu yenye kioo kikubwa, naye aliibeba mfukoni mwa koti imefungwa kwa leso. Macho yake hayakuwa mazuri na vidole vilikuwa vigumu kwa miaka ya kuchuma chai. Kuona picha imeingia aliweza, lakini kuzipitisha moja baada ya nyingine kulimshinda. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kwenda na simu kwenye kituo cha kununulia majani wakati wa kupima, ampe karani amwonyeshe, wanaume wenzake wakiwa wamemzunguka. Desturi hiyo niliijua. Mume wangu pia aliijua.

Nguo ya kuogelea niliinunua soko la Daraja Mbili, kwa mama mmoja mwenye rundo la mitumba. "Madam, unaenda Mombasa?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, maana kutaja Ugiriki mbele ya mtu wa mitumba ni kujipandishia bei. "Basi chukua hii ya buluu, hii imefunika. Hiyo ingine utaaibisha bwana yako." Nikachukua ya buluu. Ilifunika kifua na tumbo, ikaacha mapaja, na niliijaribu nyumbani mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Anayesafiri na watoto wadogo haoni mahekalu, anaona vyoo. Ninaweza kukueleza choo cha uwanja wa ndege wa Athene, choo cha bandari ya Pireo, na vyoo viwili vya meli, kimoja kikiwa na mlango usiofungika. Zile nguzo za mawe za juu ya mlima ambazo ulimwengu mzima unakwenda kuzitazama niliziona kupitia dirisha la teksi, binti yangu akiwa amenilalia juu ya kibofu. Mume wangu aliyetulaki uwanjani alikuwa amenenepa kidogo na alikuwa na furaha sana. Alitubusu wote watatu hadharani, jambo ambalo Kisii hajawahi kulifanya, nami nikaona haya na kufurahi kwa pamoja.

Pireo tulifika asubuhi na mapema. Mvulana aliposimama chini ya meli na kuona malori yakiingia tumboni mwake aliuliza kama ile ni nyumba, na alipoambiwa inaelea alikataa kupanda. Alishika nguzo. Watu wa meli walikuwa wakipiga filimbi na kupayuka, watalii wakitupita na mabegi ya magurudumu, nami nina mtoto mmoja mgongoni kwa leso na sanduku lenye kilo nne za unga wa wimbi. Mume wangu alimbandua vidole kimoja kimoja. Saa tano za safari zilizofuata mtoto yule hakutazama nje. Binti alitazama nje, akapiga kelele kwa kila wimbi, akala mkate wa jibini wa mtu asiyemjua na kumwambia asante kwa Ekegusii.

Naxos ni mji wa kuta nyeupe na ngazi. Kigari cha mtoto tulichoazima kikawa mzigo wa nne, maana hakuna uchochoro usiopanda. Mchana, tangu saa nane hadi saa kumi na moja, mji mzima unalala, maduka yanafungwa na hata mbwa wanajilaza, na hizo ndizo saa alizochagua binti yangu kulia. Dirisha lilifunguliwa juu yetu, mkono ukatoka, kidole kikaonyesha kunyamaza. Nikamfunika mtoto mdomo kwa kiganja changu, nikaona aibu kufanya hivyo, nikaondoa mkono akalia zaidi.

Sokoni bibi mmoja aliyekuwa akiuza mafungu ya majani makavu ya kutia kwenye nyama aliinama juu ya binti yangu, akamshika shavu, kisha akamtemea mate mara tatu, tfu, tfu, tfu, mate makavu yasiyotoka. Nilikaribia kumpiga. Mume wangu akanishika mkono, akanieleza kwamba hapa ukimsifu mtoto unatema mate ili jicho baya lisimpate. Hasira ikaniishia papo hapo. Kwetu Ogembo, nilikozaliwa, nyanya yangu hakumruhusu mgeni amkodolee macho mtoto mchanga, na alikuwa na njia zake za kumkinga. Nilinunua majani ya yule bibi ingawa sikujua ya kupikia nini.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni kabla jua halijachacha. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikuwa nimewahi kuingia baharini. Nilivua leso, nikasimama na ile nguo ya buluu ya Daraja Mbili, nikangoja mtu anicheke, na hakuna aliyenitazama. Wanawake wa umri wa mama yangu walikuwa wamejilaza pale na matumbo yao nje bila habari. Maji yalikuwa baridi na safi hadi niliona kucha za miguu yangu. Binti aliketi kwenye kina cha kiganja akiyapiga maji kwa kijiko. Mvulana, yule yule aliyeshika nguzo, aliingia hadi magotini akiwa ameshika simu yangu, akawa mpiga picha wetu. Mume wangu akanishika kiuno akaninyanyua. Nilicheka kwa sauti, nilicheka kama mtu asiye na mkwe popote duniani.

Hiyo ndiyo siku ninayotaka kuikumbuka kwa wema, na siwezi.

Saa saba tulikwenda kula. Mkahawa ulikuwa na pweza walioanikwa kwenye kamba mlangoni kama nguo, na mvulana alitaka kujua kama wamekufa. Binti alikuwa amejaa mchanga, nikampeleka chooni kumwosha. Simu ya mume wangu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, kwa hiyo nilimwachia yangu amtumie mzee picha za siku hiyo. Mvulana alikuwa amempanda mapajani. Nilipogeuka mlangoni niliwaona vichwa viwili juu ya simu, na nikamsikia mtoto akisema, "Mtumie zote, Baba. Sokoro anataka zote." Nilirudi na mtoto aliyelowa, nikauliza kama picha zimekwenda. "Zimeenda," mume wangu akasema, akaendelea kuvunja mkate. Alikuwa amechagua zote za siku hiyo kwa pamoja na kuzituma bila kuzipitia. Zilikuwa kumi na nane.

Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawa na zetu. Saa saba ya mchana Naxos ni saa saba ya mchana Ekerenyo, na hiyo ndiyo saa wachumaji wanashuka na vikapu kituoni.

Kwa kawaida mzee alijibu kwa sauti yake, akimtukana mjukuu na kubariki mlo wetu. Siku ile hakujibu. Ishara ilionyesha kwamba picha zimefunguliwa, basi. Jua lilipoanza kushuka simu ililia. Alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa karibu na pale na ndiye anayemtunza mzee.

"Wewe, ulikuwa unafikiria nini ukitumia mzee hiyo kitu?"

"Kitu gani, dada?"

"Usijifanye. Amepatia karani simu amuonyeshe watoto, ikatokea wewe uko uchi na ndugu yangu amekushika. Wanaume wote wa kituo wameona. Mzee ameacha majani hapo chini hata hajapimiwa, ameenda nyumbani amejifungia."

Nilifungua simu nikaitafuta. Ilikuwa ya kumi na nne, baada ya binti na kijiko chake. Imekaa upande kidogo kwa sababu aliyepiga ni mtoto. Maji yananifika mapajani, nguo imenishika mwilini, kichwa nimekitupa nyuma, na mikono ya mume wangu, aliye kifua wazi, imenizunguka. Kwa mtu wa Naxos ni picha ya mke na mume wanaopendana. Niliitazama kwa macho ya mzee wa Ekerenyo, nikaketi sakafuni pale pale. Mume wangu aliitazama, akasema "Mungu wangu," akaketi kitandani na kuziba uso. Hakuna kati yetu aliyeinuka kuwapa watoto chakula mpaka binti alipoanza kulia.

Kesho yake upepo wa Agosti ulikuwa mkali na chombo cha kasi cha kwenda Krete kiliruka mawimbi badala ya kuyapanda. Mvulana alikuwa amenilalia ubavuni, uso umempauka. Binti alitapika kwenye leso yangu, kisha kwenye mfuko, kisha tena. Ni hapo, nikiwa na mfuko wa matapishi mkononi, ndipo mume wangu aliponiambia alichokuwa amekifikiria.

"Simu ni yako," akasema. "Kule wanajua ni wewe umetuma."

"Lakini si mimi."

"Najua si wewe. Lakini sikiza. Nikisema ni mimi nimetumia baba yangu bibi yangu akiwa uchi..."

"Sikuwa uchi."

"Kwa mzee ni uchi. Mimi ni kijana yake. Mimi nikikubali, mzee atanifuta kabisa, sitakanyaga pale. Wewe watasema tu hukufunzwa kwenu. Watakasirika kidogo halafu iishe."

Hukufunzwa kwenu. Yaani mama yangu wa Ogembo, aliyenifundisha kupiga magoti kabla sijajua kusoma, aubebe mzigo wa kidole cha mwanamume aliyekuwa akivunja mkate. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kumrushia ule mfuko. Lakini binti alikuwa akitapika, nilikuwa sijalala, na aliniangalia kwa macho ya mtu anayezama, na nilimpenda. Nikasema sawa. Neno moja, tena kwa sauti ya chini, na nimelijutia kuliko neno lolote nililowahi kulitamka.

Tulipofika Krete nilimtumia wifi ujumbe wa sauti wa kuomba msamaha, maana mimi na mzee hatuwezi kuzungumzia jambo kama lile. Nikasema nilikosea, nilituma bila kuangalia. Mume wangu aliketi karibu nami nikirekodi, na nilipomaliza alinishika bega.

Krete tulikaa wiki mbili. Nisingependa nionekane mwongo nikisema kulikuwa na siku nzuri. Upande wa kusini wa kisiwa, mabonde yanapoishia baharini, wanapanda ndizi ndani ya mahema ya nailoni, na mvulana wangu, mtoto wa Kisii, alisimama mbele ya ile migomba mifupi akauliza kama wameifunga ndani kwa sababu ni migonjwa. Mkulima alicheka alipotafsiriwa, akampa kichane. Ndizi zilikuwa ndogo na tamu. Mtoto alikula mbili, ya tatu akaiweka kando ampigie Sokoro picha. Tuliituma. Ishara haikubadilika siku ile wala iliyofuata. Kila asubuhi aliniuliza Sokoro amesema nini kuhusu ndizi, na kila asubuhi nilimwambia simu ya Sokoro imeharibika. Jumamosi hatukuwa na kanisa la kwenda, tukaimba nyimbo mbili ufukweni, mimi nikiwa nimevaa gauni refu. Ile nguo ya buluu niliitupa kwenye pipa la taka la Wagiriki. Mume wangu aliingia majini na watoto kama kawaida.

Nilirudi Kisii nikitumaini kulimaliza kwa njia ya kwetu. Zamani mtu akivunja chinsoni, wazee waliketi, mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa, na kila mmoja akarudi mahali pake. Aibu ilikuwa na mlango wa kutokea. Nikampelekea wifi habari kwamba niko tayari kutoa mbuzi na kupiga magoti mbele ya wazee wa ukoo. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: mzee wa kanisa hawezi kuhusika na damu ya mbuzi, damu ilishamwagika msalabani. Amenisamehe kwa jina la Yesu, na ameniombea. Ila nisifike pale kwake. Mtoto ataletwa na baba yake.

Ndivyo tulivyo siku hizi. Ugonjwa wa mila tumeubakisha, dawa yake tumeikataa kwa sababu ni ya kipagani. Angekuwa mpagani kamili ningekuwa nimesafishwa kwa mbuzi mmoja, na angekuwa Mkristo kamili ningekuwa nimesamehewa kikweli. Nilipata nusu ya huku na nusu ya kule, na zote mbili zilikuwa za kunifungia nje.

Tena baba yake mtoto alikuwa Krete hadi mwisho wa kozi. Kwa miezi mitano mvulana hakwenda Ekerenyo. Ijumaa za kwanza alifunga begi lake mwenyewe, akaliweka mlangoni. Baadaye akawa halifungi. Mume wangu aliporudi alipata kazi Nairobi, akawa anakuja mwisho wa mwezi, mara nyingine anapitiliza, na mtoto akawa anamwona babu yake mara nne au tano kwa mwaka. Binti yetu hamkumbuki kabisa.

Mume wangu hakuondokewa na chochote. Aliongezewa. Kwenye mkutano wa ukoo nyumbani kwa baba mdogo mmoja, Desemba ya kwanza baada ya yeye kurudi, wajomba na baba wadogo walimsifu kwa uvumilivu wake, kwamba kijana mwingine angemfukuza mwanamke wa namna ile. Nilikuwa nyuma nikimenya matoke na nilisikia kila neno. Nilimsikia akikohoa. Nilingoja aseme. Akasema, "Ni maisha tu." Jioni nilimuuliza mwishowe atasema lini, akasema tungoje sikukuu ziishe. Zikaisha. Akasema tungoje mzee apate nafuu ya mguu. Mzee akapata nafuu. Mara ya tatu nilipomuuliza aliniambia ninapenda kufufua mambo.

Mwaka huu mzee aliugua kweli. Alilazwa mjini Kisii, si mbali na shule yangu, na kila siku nilipika uji nikampa wifi langoni aupeleke ndani. Sikuingia. Daktari alipowaambia wamrudishe nyumbani tulielewa sote maana yake. Kisha wifi akanipigia, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu Naxos, akasema mzee anamuulizia mjukuu wake, na asingoje mwisho wa mwezi. Nimlete mimi, lakini nisivuke kituo cha majani.

Mvulana sasa ana miaka tisa. Nilimtoa shuleni mapema Ijumaa, nikampeleka. Njiani sikumfundisha la kusema. Naapa sikumfundisha. Lakini nilijua mambo mawili, na nilikuwa nimeyashika kwa mikono miwili tangu wifi anipigie: kwamba babu na mjukuu wanaambizana kila kitu, na kwamba huyu mtoto alikuwa mapajani mwa baba yake. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka mitatu niliona njia ya mzee kuujua ukweli bila mimi kuvunja heshima tena kwa kuusema. Niliendesha gari nikiomba, mimi ambaye sala zimenishinda siku hizi.

Niliegesha karibu na kituo, akashuka, akapanda njia ya kati ya michai. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu. Wanawake walipita na vikapu, wengine wakanisalimia kwa utamu uliozidi. Niliwaza mtoto atakavyoagizwa aje kuniita. Niliwaza nitakavyoingia na kusimama mlangoni, nikitazama chini, naye akitazama ukuta, akaniita Mokamwana.

Mtoto alirudi peke yake, viatu vimejaa udongo. Alikuwa amelia kidogo.

"Mmeongea?"

"Eeh. Ameniambia kichwa imekuwa kubwa zaidi." Akatabasamu, kisha akaacha. "Halafu ameniuliza kuhusu ile picha."

Nikashika usukani. "Amekuuliza nini?"

"Nani alituma. Amesema mimi na yeye hatuna aibu, nimwambie tu ukweli, hatakasirikia mtu. Amesema anataka kujua kabla alale."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia ni wewe."

Nilimtazama. Hakuwa na woga wowote, wala hakuwa na furaha. Alikuwa akikwangua udongo kwenye kiatu kwa kijiti.

"Lakini ulikuwa umekaa... ulikuwa mapajani mwa baba. Uliona."

"Najua. Baba alinipigia jana kwa simu ya shangazi, shangazi alipokuja shule kunisalimia. Akasema Sokoro akiuliza niseme ni Mama." Akatupa kile kijiti dirishani, akafunga mkanda. "Akasema wewe hutasikia vibaya. Umezoea."

Kisha akaniuliza kama tutapitia mjini tununue chipsi. Nikamwambia tutapitia.